Wewe Si Upo Tu

Mtu akikwambia asiye na kazi ana muda, mkatalie. Mkatalie hapohapo, kabla hajamaliza soda. Mimi nilipokuwa na kazi nilikuwa na muda wa kila kitu. Gazeti nasoma mpaka matangazo ya vifo. Mchana najilaza kidogo stoo, nyuma ya maboksi, kichwa kwenye bunda la risiti. Jioni mpira. Jumapili drafti, kuanzia misa ya kwanza inapotoka mpaka kete hazionekani tena. Sasa hivi sina kazi, na hata kucha sijakata. Nipimie sukari robo, ndugu yangu, na usiharakishe. Hapa kioskini ndipo pekee ninapopata kusimama bila mtu kunipa ndoo.

Kibarua changu kiliota nyasi mwezi wa pili. Kampuni siitaji, ni watu wastaarabu, walitupa na chai. Miaka 12 nimetunza stoo yao, pale Barabara ya Nyerere. Wakatuita ukumbini. Bosi akasimama, akasema hali ya biashara si nzuri, kwa hiyo kuna ridandansi. Nikapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma, spika inakoroma, nikadhani ni jina la mgeni rasmi. Mwenzangu wa pembeni akanitazama. Lile jicho mpaka leo linanijia usiku.

Chetu tulipewa, sisemi uongo. Sheria inasema kiinua mgongo cha mtu aliyepunguzwa ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, na hesabu inagota kwenye miaka 10. Maana yake ile miwili ya juu niliwafanyia hisani. Halafu kuna fao la kukosa ajira la NSSF, theluthi ya mshahara kwa miezi 6, ilimradi uwe umechangia angalau miezi 18. Nikajiona tajiri. Nikarudi nyumbani napiga mluzi. Mama watoto alikuwa ameshakaa mezani na kalamu. Theluthi yenyewe alishaigawa yote: bati, ada, bati, mchele, bati.

Mwezi wa tatu masika yakaingia, nyasi zikaota kweli.

Na ndipo ndugu walipogundua kwamba nipo. Miaka yote hiyo nilikuwa sipo. Sasa nipo. Mama mkwe anapiga simu kutoka Kibaha: baba, hebu nenda kanisubirie lile gunia langu la mkaa stendi, wewe si upo tu. Shemeji naye: nenda kamsimamie fundi umeme kwangu, si upo tu. Jirani ananiachia mtoto, hata hajaniuliza, kanipa na uji. Mtaani ukitokea msiba mimi ndiye wa kwanza kutajwa kwenye kuchimba kaburi. Nimewachimbia watu ambao hatukuwahi kusalimiana. Mjumbe akaniweka kwenye kamati ya kifusi cha barabara. Kifusi hakijafika, ila vikao vya kamati vinafika. Nikauliza posho. Watu wakacheka, wakadhani natania, na mimi nikacheka nao ili isionekane nilikuwa nauliza kweli.

Sasa tuje kwenye kiwanja. Nina kiwanja Chanika. Siyo Chanika ile ya lami unayoiona ukiwa kwenye daladala. Ni Chanika ya ndani, ile ambayo bodaboda akiona wingu anakuuliza kwanza kama una moyo. Nyumba imefika kwenye renta. Vyumba viwili tumevipaua, tukahamia, maana kodi ya mjini ilikuwa inatunyoa bila maji. Vyumba vilivyobaki ni pagale. Mle ndani mnaota mapapai. Kuna chumba cha wageni kina mpapai mzuri kuliko yote mtaani, na sikuupanda.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Kiinua mgongo kinunue saruji, mchanga na bati. Fundi aje. Mwezi mmoja kazi imekwisha, nijikite kwenye kutafuta ajira. Saruji nikanunua. Mchanga lori zima ukamwagwa mbele ya nyumba, ukapendeza, watoto wakaupanda na kuteleza. Fundi akaja, akapima kwa hatua, akachukua adivansi, akasema Jumatatu. Simlaumu. Hakusema Jumatatu ya lini.

Simu yake inaita. Haizimwi, inaita vizuri kabisa mpaka inakata. Nikaambiwa mafundi wengi mvua zikianza hurudi kwao kulima, atakuwa Morogoro huyo, subiri mahindi yabebe. Basi nikawa nasubiri mahindi ya mtu mwingine ili nyumba yangu iezekwe.

Na mvua haisubiri. Usiku mmoja ilinyesha ile ya kusukuma. Asubuhi natoka nje, mchanga hakuna. Lori zima! Nikafuata mkondo kama mpelelezi, nikaukuta umetulia vizuri kwenye uwanja wa jirani wa chini, umejikusanya wenyewe ukutani kwake. Nikamwita. Nikamwambia jirani, mchanga wangu huo. Akautazama kwa muda. Akaniuliza, una alama? Nikasema mchanga unawekwaje alama. Akasema ndiyo hapo sasa, kaka, mimi naona mvua imeleta. Nikarudi nyumbani. Kuna mabishano ambayo mtu msomi hayawezi.

Saruji nayo iliganda. Niliiweka sakafuni. Hapo mama watoto alinishika kweli, maana kule stoo kwenye ile kampuni kuna kibao kikubwa kinasema saruji iwekwe juu ya palleti, mbali na ukuta, na ifunikwe. Mwandiko wa kwenye kibao ni wangu. Nimewafokea vijana kwa kibao hicho miaka na miaka. Lakini pale kazini kulikuwa na palleti, hapa nyumbani palleti ziko wapi? Watu hawafikirii. Maji yakapita chini ya mlango, mifuko ikanywa, ikakaza. Mmoja tumeugeuza ngazi ya kupandia barazani. Kilo 50, na hautikisiki. Mgeni wa kwanza kuukanyaga aliusifia.

Kilimo sikupenda mimi. Nililazimishwa na mazingira. Ukikaa Chanika mwezi wa tatu na hujashika jembe, watu wanakupita wanakuangalia kama mgonjwa. Kuna bibi mmoja mpakani kwangu, mtu wa Uzaramoni haswa, huyu ndiye aliyeniharibia amani. Kila asubuhi: baba, mvua hii unaiachia? Nikakodi jembe. Nikapima mahindi kwa futi ya fundi, maana aliisahau, sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shimo hadi shimo, kama nilivyoelekezwa na bwana shamba. Nilikuwa napima kwa makini mpaka bibi akaniuliza kama nalima au nachora ramani ya mji. Yeye akapanda kwa kutupa hatua. Yake yamenyooka. Yangu yanapinda kwenye kona ile ambayo futi ilikuwa inajirudisha yenyewe.

Mihogo akanipa yeye mbegu. Akanikabidhi mashina, akasema katakata vipande, panda. Nikapanda. Akapita jioni, akasimama, akashika kiuno. Akaita wajukuu waje waone. Kumbe vile vijicho vya kwenye kipande vinatakiwa vitazame juu. Mimi vyangu nimevielekeza ardhini, shamba zima, mistari imenyooka safi. Hivi ndugu yangu, kijiti kina maandishi? Juu na chini mtu anajuaje? Bibi akasema vitaota hivyohivyo, ila vitachelewa, kwa sababu itabidi kwanza vigeuke. Sasa wajukuu wake wakipita wananisalimia, halafu wanasimama vichwa chini miguu juu. Na malezi ya siku hizi hayasemi kitu.

Mahindi yalipofika magotini, wakaingia viwavijeshi. Siyo wale wa zamani, ni hawa vamizi, waliofika nchini miaka ya karibuni, wakaanza kuripotiwa mwaka 2017, na asili yao ni huko Amerika. Yaani mdudu katoka Amerika, kavuka bahari, kaacha mashamba ya watu wenye matrekta, kaja kwenye robo eka yangu isiyo na kazi. Anakaa ndani kabisa ya majani machanga yaliyojikunja katikati ya mhindi, anakula huku amejificha, ukitaka kumwona ni alfajiri au jioni. Sasa alfajiri mimi natakiwa niwe foleni ya daladala na bahasha. Jioni natakiwa kwenye drafti. Nikawa nakwenda na tochi kichwani usiku, naminya mmoja mmoja. Ulinzi shirikishi wakanifuata. Wakanimulika. Nikawaonyesha kiwavi. Wakaniuliza natokea wapi, na kwa nini nazungumza na mahindi.

Vifaranga ni wazo la mama watoto. Alisikia redioni kwamba kuku chotara wanalipa. Fedha ya bati ikatoka kidogo, wakaja vifaranga ndani ya boksi lenye matundu, wanalia wote kwa pamoja. Nikaambiwa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 mpaka 35. Mimi mwenyewe mwezi wa nne nalala na sweta. Wao wakapata chungu cha mkaa, maranda makavu, na pazia. Pazia la sebuleni. Usiku naamka kuangalia mkaa. Wakibanana chini ya chungu, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, wameungua. Wakitawanyika wanakula, ndiyo raha yao. Mimi raha yangu hakuna anayeipima.

Halafu chanjo. Yule kijana wa duka la dawa za mifugo aliniandikia kwenye kipande cha boksi: siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena. Na haipigwi hivihivi. Uwanyime maji kwanza wapate kiu. Maji ya chanjo yasiwe na ile dawa ya maji ya bomba. Yachanganywe, wanywe yote ndani ya saa mbili, la sivyo umewapa maji tu. Kwa hiyo siku ya chanjo hutoki. Hupokei simu. Unakaa umechuchumaa unawabembeleza kuku wanywe.

Na simu ilipigwa siku ya 14.

Lakini ngoja, nisiruke. Nikueleze kwanza habari ya kuomba kazi, kwa sababu hiyo nayo ni ajira kamili, tofauti yake ni kwamba unalipa wewe. Zamani mtu alikuwa anaandika barua kwa mkono, anaibana na pini, anaipeleka mapokezi, anaambiwa iache hapo. Rahisi. Sasa ni mtandaoni. Mimi mtandao naujua kwa upande wa video za mpira tu, kwa hiyo niko chini ya dogo wa steshenari. Pale stendi wote tuko chini yake. Wenye diploma, wenye digrii, tumejipanga kwenye benchi, na yeye ana miaka ishirini na ushee anakula mihogo ya kukaanga huku anatuuliza: mzee, namba ya NIDA? Paswedi? Paswedi sina. Imeili? Imeili ninayo, nilifunguliwa enzi za ujana. Nikamtajia. Akaacha kutafuna. Ndani ya ile anwani kuna neno mtanashati. Benchi zima likageuka kuniangalia kuanzia viatuni. Nikamwambia andika tu.

Vyeti navyo vinataka muhuri wa wakili, nakala kwa nakala. Nikaenda. Wakili akagonga muhuri haraka kuliko mtu anayegonga kete, na kila muhuri ni pesa. Nikarudi, dogo akaniambia cheti cha kuzaliwa umeskani kinyume. Nikarudi tena, akaniambia nafasi ile imefungwa usiku wa jana saa sita kasoro dakika moja. Na kwenye matangazo ya serikali kuna mstari unasema mwombaji asizidi miaka 45. Mimi nina 43. Dogo akaniambia kwa upole kabisa: mzee, hapa tunakimbizana na mvi.

Kwenye sivii ndipo tuligombana. Akaniandikia kwamba mimi naweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nikasema siwezi. Akasema wote wanaandika hivyo. Kukawa na sehemu ya mambo unayopenda nje ya kazi. Nikasema andika drafti, mpira, na gitaa. Akaniuliza gitaa unapiga? Nikasema ninalo.

Na ninalo kweli. Hili mama watoto aligundua baadaye kwenye hesabu za bati. Nilipita soko la Mchikichini kutafuta suruali ya usaili, mtumba mzuri, nikalikuta limesimama katikati ya mabegi, lina nyuzi tano. Sikia, mimi nimekulia kwenye muziki wa dansi. Sikinde hao wa 1978, Msondo hao. Na Msondo unajua walianzaje? Mwaka 1964, wakiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa! Mtu ana mshahara, kazi yake ni kupiga solo. Nikasimama pale sokoni na gitaa mkononi, nikajiona kabisa natoka nyumbani asubuhi na kitambulisho shingoni, naenda kupiga rizimu mpaka saa tisa, halafu natia saini natoka. Suruali sikununua.

Jioni nikakaa barazani, juu ya mfuko wa saruji, nikaanza mazoezi. Kumbe kifaranga akistuka hapigi kelele kwanza. Anakimbilia kona. Mwenzake anafuata. Wote wanapandana kona moja, na wa chini anakosa pumzi. Mama watoto akatoka ndani na mwiko. Tulikuta wamepandana ghorofa tatu. Tukawabandua mmoja mmoja, wengi wakapona, lakini hukumu ilishasomwa: gitaa lisipigwe eneo la makazi. Sasa nalipeleka porini, nyuma ya mihogo. Bibi wa mpakani alivumilia kidogo, kisha akatuma mjukuu aniulize ni nani anaumwa.

Imebaki drafti. Nayo chini ya ule mkungu pale stendi siku hizi siheshimiwi. Zamani nilikuwa nakuja na viatu, nalipia kahawa, nikifungwa watu wanasema leo amechoka na kazi. Sasa nikifungwa hakuna sababu. Kuna mzee mmoja fundi cherehani, ananifunga huku anatia uzi kwenye sindano. Ananiachia nipate kingi, nifurahi, nianze kuitembeza, halafu anaila na kete nyingine pamoja, na hainui macho. Nikienda kwenye kibandaumiza kuona mpira ndiyo kabisa. Timu yangu siitaji, mna mihemko. Wale vijana wanaokusanya viingilio wamenipa benchi la mbele, bure, kwa masharti kwamba nikalete mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Kwa sababu nipo tu.

Haya, simu. Siku ya 14, maji ya gumboro yamechanganywa, saa inahesabu, nimeshika kifaranga mmoja anayegoma kunywa. Simu inaita, namba ngeni. Nikapokea kwa bega. Dada ana sauti ya kiofisi: naongea na Bwana Mtanashati? Kumbe amesoma kwenye imeili. Nikasema ndiye. Akasema kesho saa 3 asubuhi njoo kwenye usaili, nafasi ya mtunza stoo, ofisi ziko upande wa Mikocheni. Nikasema asante sana bosi. Kifaranga akanijibia pale pale, kwa sauti. Dada akauliza, hapo uko sokoni?

Chanika mpaka Mikocheni siku ya mvua ni safari ya kuaga familia. Nimetoka giza bado halijafunguka. Mguuni gambuti, suruali nimechomekea ndani, viatu vya ngozi nimevibeba kwenye kifuko. Na mifuko yenyewe ni hii mbadala, kwa sababu ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hii mipya nayo maji yanapita. Mpango wangu, kama wanavyofanya watu wote wa ndani huku, ni kufika lami, kubadilisha, gambuti namwachia mama ntilie wa stendi. Lakini siku hiyo stendi yenyewe ilikuwa bwawa, mama ntilie kapanda juu ya benchi na masufuria. Nikasema nitabadilishia mlangoni kwao. Kwenye daladala ya pili konda akachukua kifuko akakisukuma chini ya siti, akasema bosi, nafasi. Nimeshuka na bahasha ya vyeti kifuani, naikumbatia isilowe. Daladala imeondoka. Viatu vimekwenda Tegeta.

Kwa hiyo nimeingia kwenye usaili na gambuti. Za kijani. Zinapiga kelele kila hatua, na chumba kina marumaru. Wamekaa watatu. Nikaketi, nikairudisha miguu chini ya kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa sakafu. Mwanamama wa katikati akafungua faili. Akasoma. Akasema, Mtanashati? Kisha wote watatu, taratibu, wakainama kutazama chini ya meza.

Maswali yalikuwa mepesi, sikuona shida. Kwa nini tukuajiri wewe? Nikasema kwa sababu sina kazi. Udhaifu wako ni upi? Nikasema magoti. Unajiona wapi baada ya miaka 5? Nikasema nimeshapaua. Wakaandika. Nikaulizwa saruji inatunzwaje stoo, nikajibu yote, palleti, ukuta, turubai, nikajibu mpaka nikaguswa. Halafu yule mzee wa pembeni, aliyekuwa kimya muda wote, akasoma kwenye sivii kwamba mimi ni mtu wa drafti, akachangamka, akavua miwani. Akaniuliza, kwenu kingi inaruka kwa mbali au inakwenda hatua moja moja? Nikasema kingi inaruka, hiyo ya hatua moja ni ya watoto. Akasema wao pale ofisini mchana wanacheza ya hatua moja. Nikasema basi hapo ofisini hamjui drafti. Akacheka kidogo. Nikaona bado hajaelewa, nikamchorea nyuma ya bahasha. Baadaye ndipo nikaona kibao cha mlangoni kwake: Mkurugenzi.

Wakasema watanipigia.

Kwa hiyo simu lazima iwe na chaji, na umeme wa sola yetu masika haushibi. Ndiyo maana unaniona kila siku naichomeka hapa kwako, si kwamba napenda kukaa. Leo ni siku ya 28, gumboro ya pili, mama watoto kaniambia nisichelewe na sukari. Dogo wa steshenari kasema kuna tangazo linafungwa usiku. Bibi kasema palizi. Na kamati ya kifusi ina kikao cha kujadili kwa nini wajumbe hawahudhurii vikao.

Hebu subiri. Subiri. Yule kwenye kona, mwenye mwiko na ndoo ya rangi, si fundi wangu yule? Ndiye! Oya fundi! Fundi!

…

Ndugu yangu, samahani kwa kukuacha na kibaba mkononi. Nimerudi kuchukua simu tu, siwezi kukaa. Ni yeye. Alikuwa Morogoro kweli, mahindi yamemkubali, amenenepa. Nikamwambia fundi, nyumba inakusubiri. Akasema bosi, kwako nakuja Jumatatu, leo nina kazi ndogo hapa kwa jirani yako wa chini, napiga lipu ukuta wote. Nikamuuliza lipu kwa mchanga upi. Akasema jirani ana mchanga mzuri sana, lori zima, wala hakuununua. Kisha akanitazama juu mpaka chini, akaniona na gambuti, akasema: bosi, saidia fundi wangu kaumwa homa, wewe leo una kazi? Elfu kumi na tano, na wali maharage mchana.

Nimekubali. Nimeshauchekecha nusu. Mchanga ule naujua, una vigae vya kikombe changu cha chai alichovunja mtoto. Jirani kasimama barazani kwake, ananielekeza nisimwage.

Nimemuuliza fundi kama huwa anatoa barua ya uzoefu. Kasema niongeze maji.